Kata kichwa, bakiza mkono

"We kaka, mbona umemkata kichwa msanii wangu?"

Ndo salamu niliyopokelewa nayo. Promota alikuwa amekaa kwenye stuli ya plastiki pale kwa jamaa anayetuprintia Kariakoo, simu mbili mkononi, mbele yake sampo ya A3 ya posta ya shoo niliyomdizainia, bado ina joto la mashine. Kwenye sampo kulikuwa na mkono. Mkono tu, wa kulia, bangili za dhahabu zimepanda mpaka karibu na kiwiko, piko mpaka kwenye kucha, umeshika maiki iliyoviringishwa leso nyekundu. Picha inaishia begani. Chini yake jina la mwimbaji kwa herufi nene, siku, ukumbi, kiingilio, basi.

Nikamwambia huyu dada hata umkate kichwa watu wa Temeke watamjua tu, nani mwingine anashika maiki na leso vile? Akaniangalia kama nimemtusi mama yake. "Huo ni mkosi bana. Mtu yuko hai, mzima wa afya, we unamkata kichwa unambandika kwenye nguzo ya umeme?"

Kabla sijasema ule ubishi uliishaje ngoja niwaambie mkono wenyewe nimeutoa wapi, maana wazo halikuzaliwa Temeke, lilizaliwa Paris mwaka 1893.

Mi nina ugonjwa wa kukusanya matangazo ya muziki. Nikiona posta nzuri ukutani napiga picha, ikiwa imeshapita tarehe naibandua kabisa, mke wangu ameshachoka na maboksi chini ya kitanda. Na zile za zamani za Ulaya na Marekani ambazo siwezi kuzibandua nimezijaza kwenye kompyuta, naziangalia usiku kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Kuna moja naipenda kuliko zote, inaitwa Divan Japonais, ya Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec, alichora kutangaza ukumbi wa muziki wenye jina hilohilo. Mbele amekaa mwanamke na kofia na gauni jeusi, huyo ni Jane Avril, mcheza dansi maarufu wa wakati ule, na hapo kaja kama mtazamaji tu. Nyuma kuna okestra, unaona shingo za mabezi na mikono ya kiongozi wa bendi. Halafu kule juu kabisa, kwenye kona ya kushoto, jukwaani kasimama mwimbaji, ndo nyota wa usiku, na bwana mchoraji kamkata kichwa! Fremu inaishia shingoni. Kilichobaki ni gauni na glovu mbili ndefu nyeusi.

Na watu wa Paris walimjua. Alikuwa Yvette Guilbert, na zile glovu ndo zilikuwa yeye, alikuwa hapandi jukwaani bila hizo. Halafu mwenyewe hakuwa anapenda sana anavyochorwa na Lautrec, mwaka uliofuata jamaa alimpelekea wazo la posta nyingine akalikataa akilalamika amechorwa vibaya. Kwa hiyo msanii kulalamikia posta hatukuanzisha sisi.

Huyohuyo Lautrec ana ya Aristide Bruant, mwimbaji mwingine, kofia pana, joho jeusi, skafu nyekundu shingoni. Ya kwanza ya 1892 unaona uso. Mwaka uliofuata akamchora kwa nyuma, mgongo tu na kofia, na bado ni Bruant. Kumbuka hizi zilikuwa zinachapwa kwa mawe, kila rangi jiwe lake, kwa hiyo ukiongeza rangi unaongeza kazi na hela. Ufukara wa rangi ulimlazimisha jamaa achague. Sisi leo tuna mamilioni ya rangi kwenye kompyuta na hatuchagui chochote.

Toka siku niliyoielewa ile picha, kila msanii anayeletwa kwangu swali la kwanza najiuliza, glovu yake iko wapi. Michael Jackson ni glovu kwelikweli, tena moja. Bi Kidude mchore kivuli tu, bibi mwembamba na ngoma yake ya unyago, hakuna atakayeuliza ni nani. Remmy Ongala, nywele na gitaa. Lakini nenda katazame mabango ya shoo za wikiendi hii, miwani nyeusi, cheni, mkono mmoja mfukoni, nyuma moshi na cheche za moto ambazo sote tunazidownload sehemu moja. Nina kajaribio kangu nakaita jaribio la dole gumba, unaziba jina la msanii kwa dole gumba halafu unamuuliza mtu huyu ni nani. Kama hajui, au anataja watatu tofauti, hapo huna tangazo, una picha ya kijana amevaa vizuri.

Sasa wazee wetu wa dansi walilijua hili zamani, sema wao hawakutumia glovu, walitumia neno. Bendi ilikuwa haitangazwi kwa jina peke yake, inatangazwa na mtindo. Chukua bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, jina la chama cha wafanyakazi waliokuwa wanaimiliki. Chama kikabadilika kikawa Juwata, bendi ikawa Juwata Jazz. Kikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Hebu fikiria wewe ndo mchora mabango wa hiyo bendi, kila baada ya miaka kadhaa jina linabadilika kwa sababu za ofisini ambazo mpenzi wa dansi hazimhusu hata kidogo! Lakini mtindo ulibaki Msondo, na mashabiki walisema Msondo siku zote, mpaka mwisho bendi yenyewe ikaitwa Msondo Ngoma, na pembeni Baba ya Muziki. Neno la mtaani likawashinda watu wa ofisini. Wapinzani wao Mlimani Park nao walioanza 1978 wana Sikinde, ngoma ya ukae. Ukiandika kwenye karatasi nyeupe kwa makapeni meusi MSONDO NA SIKINDE, siku na ukumbi, bila picha yoyote, bila logo, hilo ni tangazo kamili na watu wa makamo wanapiga pasi suruali.

Hapo mimi dizaina napaswa kukaa kimya kidogo, maana picha yangu yote ya kuhangaikia usiku inazidiwa na maneno mawili.

Haya turudi kwenye kazi. Mtu akija na shoo sifungui kompyuta. Namuuliza itabandikwa wapi, nani anapita hapo, na anapita na nini. Watu wanaona ni maswali ya ajabu ila hesabu yake ni hii. Daladala ikienda kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Mafundi wa vibao wana kanuni yao ya mkono, herufi isomeke vizuri ukiwa mita 3 inatakiwa urefu wa kama sentimita 2.5, kwa hiyo ukitaka mtu aliye mita 15 asome unahitaji herufi ya sentimita 12 na nusu. A3 iliyosimama ina upana wa sentimita 29.7 tu. Gawanya mwenyewe, herufi za kimo hicho zitaingia nne, tano ukizibana. Na yule abiria wa dirishani akiwa mita 15 ana sekunde moja na kidogo kabla hamjapishana. Kwa hiyo kwenye A3 ya nguzo mtu wa daladala unampa kitu kimoja, umbo moja au neno moja fupi, na yote mengine ni ya mtu anayesubiri bodaboda hapohapo chini ya nguzo, huyo ana dakika tatu na hana bando, atasoma mpaka jina la kiwanda cha karatasi.

Nikishajua hao wasomaji wawili nachora kwa kalamu, viboksi vidogo vya ukubwa wa kiberiti, kumi au kumi na tano, haraka haraka. Kwenye kiberiti huwezi kudanganya. Kama wazo halionekani hapo halitaonekana hata ukilichapa kwenye ukuta wa ghorofa. Halafu naprinti moja nyeusi na nyeupe, nabandika ukutani nje ya duka, narudi nyuma hatua kumi na tano, nakunja macho mpaka naona ukungu. Muuza kahawa wa pale kashanizoea, siku hizi na yeye anakunja macho.

Ugomvi mkubwa lakini huwa hauko kwenye picha, uko kwenye majina. Shoo ina mwimbaji mkuu, wasindikizaji sita, DJ, MC, "na wengine kibao", redio mbili, soda, mtandao wa simu, na duka la nywele la shemeji yake promota. Wote wamelipia au wameahidiwa. Kuna kiwanda cha zamani Marekani, mji wa Nashville, kinaitwa Hatch Show Print, kimeanza 1879 na mpaka leo wanachapa posta za wanamuziki kwa herufi za mbao. Kingine kilikuwa Baltimore, Globe Poster, cha 1929, hao walijulikana kwa rangi zile za kung'aa na posta za kina James Brown na wenzake wa soul. Ukiziangalia posta zao utaona ugomvi ni uleule wetu, orodha ya majina kama karatasi ya mirathi, ila wao walishausuluhisha kwa ukubwa tu. Jina la kwanza kubwa mno, la pili nusu yake, yanashuka hivyo mpaka wa mwisho unamsoma kwa kuinama. Hakuna anayeuliza nani ni nani. Mimi nachofanya, kabla ya kugusa dizaini nampa promota karatasi tupu aandike majina yote kwa mpangilio wa nani anavuta watu, kwa mwandiko wake mwenyewe, asaini. Ikifika siku MC analalamika kwa nini yuko chini namtolea ile karatasi. Imeniokoa mara nyingi sana.

Logo za wadhamini zote zinakaa mstari mmoja chini, kimo kimoja, na nikiweza nazifanya rangi moja. Hapo napigwa vita kila mwezi na sijali.

Kuna watu wataniletea mfano wa San Francisco 1966, mchoraji Wes Wilson na posta zake za ukumbi wa muziki wa Fillmore, herufi zinayeyuka kama moto, husomi kitu, na zikawa maarufu duniani. Ni kweli, nazipenda. Ila zile zilikuwa zinaongea na vijana ambao kusimama na kuisoma posta dakika tano ndo ilikuwa sehemu ya raha yenyewe, na asiyeweza kusoma hakualikwa. Ukinionyesha hao vijana pale Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni na mvua inanyesha nitakuchorea herufi za kuyeyuka bure.

Nilisema ntaeleza ubishi wa kichwa uliishaje. Uliishia kwenye gazeti.

Promota alikuwa amelipia nafasi gazetini, safu mbili kwa sentimita 15, si unajua gazeti wanauza nafasi kwa safu na sentimita. Nafasi ndogo, nyeusi na nyeupe. Akasema sawa, mkono weka kwenye nguzo sijui wapi huko, ila gazetini nataka uso, wasomaji wa gazeti ni watu wa heshima. Nikamwambia njoo nikuonyeshe kitu. Karatasi ya gazeti inakunywa wino kama mchanga unavyokunywa maji. Picha inachapwa kwa nukta, na nukta ikigusa ile karatasi inatanuka, ile uliyoipanga ijaze asilimia 50 inatoka imejaza zaidi ya 70. Kwa mtu mweusi kama sisi maana yake nini? Kivuli cha shavu kinaungana na cha shingo, pua inapotea, macho yanabaki nukta mbili nyeupe. Wote tumeziona hizo picha, msanii mrembo anatoka kama mtu anachungulia kutoka kwenye tanuri. Dawa ipo, unainua ile rangi ya katikati mpaka kwenye skrini mtu aonekane kama amepauka, halafu karatasi inamrudisha, ila uso wa sentimita nne hata umuinue vipi hautoki na uzuri wake.

Nikamprintia vyote viwili kwenye karatasi ya gazeti kabisa, uso na mkono. Leso nikaifanya nyeupe, ikasimama juu ya piko na bangili kama imekatwa kwa mkasi. Uso ukawa mtu yeyote. Akazishika karatasi mbili, akaziangalia kwa mbali, akaziangalia kwa karibu, akampigia mwimbaji mwenyewe kwa video. Yule dada akacheka sana akasema, "Mkono wangu huo! Weka huo huo, na ile pete ya kidole cha kati isikatwe." Ikawa kinyume cha tulivyopanga, gazetini mkono, nguzoni uso, maana kwenye karatasi ya glosi ya gramu 150 kwa rangi nne uso wake unatoka vizuri tu, na promota lazima na yeye ashinde kitu. Leso nyekundu nikaibakiza, nikaileta mbele ikaficha kidevu.

Ya rangi zenyewe sitaeleza sana, ila vijana mnaoanza, msimuonyeshe mteja dizaini kwenye simu halafu mkaahidi rangi ileile. Ile bluu ya umeme ya kwenye simu wino hauna, itatoka zambarau ya huzuni. Acheni milimita 3 za kukatia kila upande. Na maandishi madogo meupe msiyaweke juu ya nyeusi iliyochanganywa wino zote nne, kila wino una pleti yake ya kuchapia, zikicheza kidogo tu namba ya simu ya tiketi inajaa wino na nane zinafanana na tatu.

Namba ya simu walau unaweza kuirekebisha kwa stika. Kuna kosa langu moja mpaka leo nikilikumbuka natoka jasho. Ilikuwa taarab ya Idd, mteja mwingine, sio huyu. Kawaida ya wazoefu wa posta za Idd ni kuandika IDD MOSI na kuishia hapo, tarehe haiandikwi, kwa sababu mwezi hauna mkataba na mtu, Ramadhani inaweza kuwa siku 29 au 30. Mteja akasema watu wa siku hizi wanataka tarehe, kalenda inasema Jumamosi, andika Jumamosi. Nilijua. Niliijua kanuni kabisa na nikaandika, kwa sababu kalipa yote kwa mpigo na nilikuwa na kodi ya nyumba. Nakala 500. Ijumaa jioni tuko redioni tunasikiliza, mwezi haujaonekana, tunakamilisha thelathini. Jumamosi jioni kuna watu walifika ukumbini wamependeza, madera mapya, na funga zao, geti limefungwa, na Jumapili ambayo ndo ilikuwa Idd yenyewe wengine hawakurudi. Mteja hakunigombeza. Aliniambia tu, "Si uliniambia." Ningependa angenigombeza.

Sasa hivi mteja wa Idd akitaka tarehe nampa kalamu aandike mwenyewe kwenye posta moja moja.

Kuna sehemu ya kazi ambayo madizaina wengi hawajawahi kuiona na mi nawashauri waende hata mara moja, ni ile ya kubandika. Tulitoka saa saba usiku na vijana wawili, ndoo ya uji wa unga wa ngano bado wa moto, brashi ya kupakia chokaa, posta zimekunjwa roli begani. Mmoja anapaka nguzo, mwingine anatandaza, anapitisha brashi juu tena, sekunde kumi na moja, nimehesabu. Hapo ndo nikajifunza kitu ambacho hakimo kwenye kozi yoyote, kwenye nguzo ya mviringo posta ya A3 inazunguka, unachokiona kwa mbele ni katikati tu, kingo mbili zinaenda nyuma. Tarehe yangu ilikuwa kona ya kulia chini. Imegeukia uchochoroni inamwangalia mbuzi. Toka siku hiyo vitu vyote vya lazima nakusanya katikati, mstari mmoja wima, jina, siku, mahali, kiingilio, na kingo nazijaza pambo.

Na posta haikai peke yake. Asubuhi ya pili nilipita Tandika nikakuta mganga wa kutoka Sumbawanga kashambandikia dada yetu kikaratasi chake usoni, kurudisha mpenzi, mali iliyopotea, nguvu za kiume, katikati ya paji la uso. Chini yake leso nyekundu inaonekana vizuri. Mama mmoja muuza maandazi nikamuuliza, hii ni shoo ya nani? Akataja jina bila hata kugeuka vizuri.

Nikapiga picha nikamtumia promota. Akajibu na emoji za kucheka sita.

Juzi kanipigia tena. Safari hii ana kijana wa singeli wa Manzese, akaniambia kabisa, kaka huyu uso uonekane, ni mtanashati, ana mashabiki wa kike. Nikaenda kumwona kijana akifanya mazoezi, muziki unakimbia mpaka unasikia kwenye meno, na yeye kuimba anaimba vizuri, ila dakika nzima nilikuwa naangalia chini. Yule mtoto glovu yake ni miguu. Anatimua vumbi mpaka huoni viatu.

Nikampigia promota nikamwambia safari hii nakata kuanzia magotini kupanda juu.

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia anavuta pumzi. Halafu akauliza, "Viatu vitaonekana lakini? Maana duka la viatu nao wamelipia."